Siku ya uwanjani kwa gari lililoboreshwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mbeya na Iringa

Maswali haya nimeyakusanya taratibu. Mengine nimeulizwa nikiwa nimelala chini ya gari Mwanjelwa, mengine kwa simu saa tano usiku na mtu wa Mafinga ambaye kesho yake asubuhi anatakiwa awe uwanjani. Nimeyajibu nikimfikiria mtu mmoja: gari lake ni la Kijapani la mtumba, Jumatatu analihitaji kwenda kazini, na hana lori la kulibebea. Atakwenda nalo kwa magurudumu yake na atarudi nalo hivyo hivyo. Karibu kila jibu hapa chini limetokana na hilo la kurudi.

## Mambo ya mwanzo

Siku ya uwanjani ni nini hasa? Ni mashindano?

Si mashindano. Ni siku, mara nyingi Jumamosi na Jumapili, ambapo eneo lililofungwa hutengwa ili watu wa kawaida waendeshe magari yao kwa kasi bila kukutana na lori, bodaboda wala mtembea kwa miguu. Magari hugawanywa katika makundi kulingana na uzoefu wa dereva. Kila kundi hupewa zamu, kwa kawaida dakika 15 au 20, kisha hutoka na kupisha kundi lingine. Hakuna mshindi na hakuna zawadi. Kumpita mwenzako kunaruhusiwa sehemu zilizotajwa tu, na mara nyingi ni baada ya yeye kukuonyesha kwa mkono au indiketa kwamba amekuona.

Watu wa Iringa wamezoea rali, na wengi wanadhani ni kitu kilekile. Rali ina saa, ina msoma ramani na ina ushindani. Mchezo huo nchini una usimamizi wake kupitia AAT, chama cha magari cha Tanzania, na ukitaka kushindana ndiko uelekee.

Huku kwetu inafanyikia wapi?

Nyanda za Juu Kusini hatuna uwanja wa kudumu wa lami uliojengwa kwa ajili ya mbio. Waandaaji hutafuta eneo la muda: kiwanja kikubwa kilichosakafiwa, barabara za ndani ya shamba kubwa, au ardhi ngumu ya changarawe, kisha njia huchorwa kwa koni na matairi chakavu.

Kabla hujalipa, uliza mambo matatu. Nani ametoa kibali? Gari la wagonjwa na vizima moto vitakuwepo muda wote? Na gari likikosa kona ya mwisho wa mnyoosho, linaenda wapi? Hilo la tatu ndilo kubwa. Niliwahi kuondoka eneo moja bila kushusha hata begi kwa sababu nyuma ya kona yenye kasi kuliko zote kulikuwa na mtaro wa zege, na watazamaji wamekaa juu ya kingo zake wakila mahindi ya kuchoma. Niliwaambia waandaaji, wakasema watu watahamishwa. Sikusubiri kuona.

Kwa nini nisijifunze alfajiri Mlima Nyoka au Kitonga wakati barabara ni tupu?

Kwa sababu si tupu. Kitonga kuna lori linalopanda kwa gia ya kwanza nyuma ya kona usiyoiona, na lingine linaloshuka na breki ambazo zimekwisha tangu juu. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni bonde. Ukikosea uwanjani unagonga koni. Ukikosea pale unamgonga baba wa watu aliyetoka Tunduma hajalala siku mbili.

Sheria ya usalama barabarani nayo hairuhusu barabara ya umma kugeuzwa uwanja. Binafsi, mtu akiniambia gari analitengeneza kwa ajili ya Kitonga, simsaidii, hata awe ndugu.

Gari gani linafaa? Lazima liwe na turbo?

Hapana. Starlet, Vitz, Runx, Altezza, Verossa, Impreza, yote nimeyaona yakimfurahisha mwenyewe. Gari jepesi lenye nguvu ya kawaida humfundisha dereva haraka, maana halimfichii makosa, na linakula tairi na pedi kidogo. Magari yaliyoinuka juu kama Forester huruhusiwa na waandaaji wengine na kukataliwa na wengine, kwa kuwa hulala sana kwenye kona. Uliza mapema.

Nina pesa kidogo ya kuboresha. Nianze na nini?

Anza na vinavyosimamisha gari, kisha vinavyolipoza, kisha tairi. Nguvu ije mwisho. Najua si jibu analotaka kijana aliyeshaona ekzosi ya kuvutia, lakini nimeshuhudia mara nyingi gari lenye ekzosi mpya, filta ya hewa ya wazi na mapu ya injini (mpangilio wa kompyuta unaoamua mafuta na moto wa plagi) likitoka njiani mzunguko wa tatu kwa sababu mafuta ya breki hayajawahi kubadilishwa tangu lishuke meli.

Kwa mpangilio wangu: mafuta mapya ya breki, pedi nzuri, rejeta safi na kulanti (maji ya dawa ya kupozea injini) ya kweli, oili mpya, tairi nne zinazofanana. Baada ya hapo endesha wikiendi moja nzima. Ndipo utajua gari lako linakosa nini.

## Breki

Mjini breki zangu ni kali. Uwanjani kwa nini pedeli inazama?

Nishati ambayo breki inapaswa kuila huongezeka kwa mraba wa kasi. Kusimama kutoka kilomita 140 kwa saa kunazalisha joto karibu mara mbili ya kusimama kutoka 100. Mjini unafanya hivyo mara moja kwa bahati mbaya. Uwanjani unafanya mara tano au sita kila mzunguko, bila kuzipa diski muda wa kupoa.

Kuna dalili mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza: pedeli inakuwa laini, unaikanyaga kama sifongo iliyolowa, inashuka hadi karibu na sakafu. Hapo mafuta ya breki yamechemka. Viputo vya mvuke vimeingia kwenye mabomba, na mvuke unabanwa ambapo kimiminika hakibanwi. Ya pili: pedeli ni ngumu kabisa, iko juu, unakanyaga kwa nguvu zote lakini gari halishiki. Hapo pedi zimepita joto lake, na mara nyingi utasikia harufu kali kama ya klachi iliyoungua. Dalili ya kwanza inatibiwa kwa mafuta, ya pili kwa pedi. Nimeona mtu akinunua diski kubwa za bei mbaya wakati tatizo lilikuwa chupa moja ya mafuta.

Ninunue DOT 3, DOT 4 au DOT 5?

Mafuta mapya ya DOT 3 yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 za selsiasi, DOT 4 nyuzi 230, na DOT 5.1 nyuzi 260. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani polepole. Yakishanyonya, kiwango hicho hushuka: DOT 3 hadi 140, DOT 4 hadi 155. Ndiyo maana DOT 4 iliyokaa miaka mitatu ni mbaya kuliko DOT 3 ya jana.

Kwa gari la kawaida DOT 4 mpya inatosha. Nunua chupa iliyofungwa, usikubali ile iliyokaa wazi kwenye rafu ya gereji. DOT 5 bila nukta moja ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo nyingine, iache. Na fundi akitoa upepo wa breki, kaa naye. Anatakiwa kupita magurudumu yote manne mpaka yatoke mafuta safi yasiyo na kiputo, huku akiongeza kwenye kikopo cha juu kabla hakijakauka.

Pedeli ikizama nikiwa ndani ya njia nifanye nini?

Pampu pedeli haraka haraka, shusha gia moja moja, tumia sehemu ya kutokea. Kisha zunguka mzunguko mmoja polepole bila kugusa breki ili upepo uzipoze, halafu ingia piti, yaani eneo la kusimamia magari nje ya njia. Ukisimama usivute hendibreki: pedi za moto zikibana diski ya moto mahali pamoja utaondoka na mtetemo ambao hautaisha. Acha gari kwenye gia, weka jiwe au kigingi nyuma ya tairi.

## Injini na mwinuko

Dar gari lilikuwa linavuta. Mbeya limelegea. Fundi ameniharibia?

Inawezekana hajakuharibia chochote. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa zaidi ya 1,500, Njombe karibu 2,000. Hewa ya Mbeya ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hicho. Altezza iliyotoka kiwandani na nguvu farasi 210 haina 210 hapa, na hakuna filta itakayozirudisha zote.

Turbo husaidia kwa kuwa inasukuma hewa yenyewe, ila inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kufikia shinikizo lilelile, na hewa inatoka ya moto zaidi. Kwa hiyo mapu iliyoandikwa Dar ikague upya huku juu kabla hujalikamua gari. Kumbuka pia kwamba magari ya turbo ya soko la Japani, kama Impreza STI, yalipangiwa petroli ya oktani karibu 100. Ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Ukisikia injini inagonga kama changarawe ndani ya kopo unapokanyaga, ondoa mguu saa hiyohiyo. Mlio huo hukata pistoni.

Huku ni baridi. Kwa nini gari linachemsha?

Kwa sababu maji huchemka mapema huku juu. Mbeya maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kinachokuokoa ni mfuniko wa rejeta: mfuniko wa shinikizo la bar 0.9 ukiwa mzima, maji hayachemki hadi karibu nyuzi 115. Ukiwa na raba iliyopasuka, injini yako inaishi na zile 94. Kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo mzima ndicho wanachokisahau. Geuza mfuniko, tazama raba na springi. Raba ikiwa ngumu au ina mstari wa kukatika, nunua mpya.

Halafu suala la themostati. Mafundi wengi huitoa na kuitupa gari likichemsha mara moja. Walinitolea hata mimi, kwenye gereji niliyoiamini, bila kuniambia. Miezi mitatu gari lilikuwa linakula mafuta na hita haifanyi kazi asubuhi za Juni, nikidhani ni plagi. Nikaenda nalo uwanjani hivyo. Zamu ya kwanza oili haikupata joto lake kabisa, nami nikawa naikamua injini ambayo bado iko baridi. Themostati ni mlango unaoisaidia injini kufika joto lake na kubaki hapo. Irudishe. Kama gari linachemsha likiwa nayo, ugonjwa uko kwenye rejeta iliyoziba, feni, pampu ya maji au gasketi. Na maji ya bomba peke yake yanaozesha njia za ndani, weka kulanti.

Nina Subaru ya injini ya EJ20 yenye turbo. Kuna la ziada?

Oili. Kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja wa kartera, lile bakuli la oili chini ya injini, na mrija wa pampu unaweza kunyonya hewa kwa sekunde moja. Sekunde hiyo inatosha kula beringi za konrodi. Pima oili kila baada ya zamu, gari likiwa tambarare na limetulia dakika kadhaa, na iwe kwenye alama ya juu, siyo katikati. Baada ya zamu usizime injini ghafla. Iache ingurume dakika moja au mbili ili oili iendelee kuipoza turbo.

## Tairi na magurudumu

Tairi za mtumba zinafaa?

Mojawapo ya maswali magumu, maana najua bei ya mpya. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya zaidi ya miaka sita siipeleki uwanjani hata ikiwa na meno yote, kwa sababu raba hukauka hata ikiwa imekaa ghalani. Pitisha kidole ndani ya mifereji: ukikuta nyufa ndogo kama za matope yaliyokauka, iache. Iliyowahi kuzibwa ubavuni iache kabisa.

Nijaze upepo kiasi gani?

Anza na kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, ukipima asubuhi tairi zikiwa baridi. Baada ya zamu moja upepo hupanda kwa psi 4 hadi 6, wakati mwingine zaidi. Pima papo hapo, punguza kidogo ili nne zote zikaribiane, andika namba. Kabla ya safari ya kurudi, zirejeshe kwenye kiwango cha barabara. Watu husahau, wakapiga Iringa hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 300, na tairi laini zinazochemka.

Nati za magurudumu zinalegea kweli?

Ndiyo, hasa rimu zilizobadilishwa. Tumia spana ya kupima nguvu. Kwa Toyota nyingi ndogo ni 103 Nm. Fundi mmoja mzee wa Uyole alinifundisha kuchora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu. Ukirudi piti unainama tu: mstari ukikatika, nati imezunguka. Tangu hapo nina kikopo cha rangi kwenye buti.

## Siku yenyewe

Helmeti ya bodaboda inakubalika?

Waandaaji wengine huikubali, wengine hawaikubali. Helmeti za magari zenye alama ya Snell SA zimepimwa pia kwa moto. Za pikipiki zenye alama M hazijapimwa hivyo. Isiyo na alama yoyote usiivae. Nguo ziwe za pamba za mikono mirefu, viatu vyembamba vilivyofungwa. Kandambili hapana.

Bendera zina maana gani?

Njano: kuna hatari mbele, punguza, usimpite mtu. Nyekundu: zamu imesimamishwa, punguza na ufuate maelekezo ya kurudi piti. Buluu: nyuma yako kuna mwenye kasi zaidi, mpishe. Nyeusi ukionyeshwa wewe: ingia piti, kuna jambo. Ya miraba meusi na meupe: zamu imekwisha, zunguka polepole kupoza gari.

Ni mara yangu ya kwanza na ninaogopa. Nitawachelewesha wengine?

Hapana. Dada mmoja alikuja na Vitz yake ya kawaida, akaniambia yuko tayari kurudi nyumbani kabla ya kuanza. Alikaa kundi la wanaoanza, akaendesha zamu mbili na mwalimu pembeni. Mwalimu hakumfundisha kasi hata kidogo; alimfundisha kutazama mahali anapotaka gari liende. Jioni alikuwa anaingia kona moja kwa ustadi kuliko wenye Mark II. Sema mapema kwamba wewe ni mgeni, na uombe mtu wa kukaa naye.

Naweza kubeba mtoto au rafiki?

Mtoto hapana. Rafiki mtu mzima, ikiwa waandaaji wameruhusu, ana helmeti na mkanda, na si kwenye zamu zako za mwanzo.

## Bima na karatasi

Bima kubwa italipa nikigonga uwanjani?

Kwa kawaida hapana. Sera nyingi zimeandika wazi kwamba mbio na majaribio ya kasi hayamo. Soma ukurasa wa vighairi au muulize wakala akujibu kwa maandishi. Usije ukasema uligongea Igawa wakati ulikuwa uwanjani. Huo ni udanganyifu na unakufuata. Endesha gari ambalo ukilipoteza leo familia yako bado italala na kula.

Nimebadilisha injini. Nina shida?

Kadi ya gari ina namba ya injini. Injini mpya lazima iingizwe TRA, la sivyo utakwama siku ya kuuza au trafiki atakapofungua boneti. Rangi pia.

## Yasiyo ya kawaida

Mvua ikinyesha?

Kati ya Novemba na Aprili usishangae. Waandaaji wazuri hawafuti siku, wanapunguza idadi ya magari. Kwenye maji fanya kila kitu polepole zaidi: mguu, mkono, gia. Ukungu ni habari nyingine. Mlinzi wa bendera asipoonekana, hakuna anayeingia.

Gari langu ni otomatiki. Nishiriki?

Ndiyo, ila oili ya gia boksi hupata joto haraka. Zamu fupi, na utumie L au gia za chini badala ya kuiachia D ikihangaika. Breki zake huchoka mapema pia. Soma tena sehemu ya breki.

Kuna hitilafu Jumapili jioni na Jumatatu nina kazi. Niendeshe hivyo hivyo hadi Mbeya?

Inategemea. Pedi zimebaki nyembamba lakini hazijafika chuma na pedeli iko juu: rudi polepole, mchana. Maji yanapungua kidogo: jaza, beba madumu mawili, simama kila baada ya nusu saa utazame. Taa ya oili imewaka, pedeli bado laini, au usukani unatetemeka kwa namna ambayo haukuwa asubuhi: gari linalala pale.

Mimi nilishaliacha Makambako kwa sababu ya mtetemo mdogo tu, nikapanda basi la usiku nimeshika helmeti mapajani. Fundi alipofungua gurudumu la mbele kushoto siku ya pili, bolti mbili kati ya tano zilikuwa zimekatika na ya tatu ilitoka kwa vidole.